Springi za Pikapu Chini ya Shangingi

Wanangu mnaoshika spana leo, nianze kwa kujisifu, maana nikianza kwa unyenyekevu mtadhani naumwa. Miaka yangu yote ya gereji pale Somanda, hakuna shangingi lililoingia Bariadi likanishinda kulielewa. Yalikuja yamebeba wakubwa wa serikali, wanunuzi wa pamba, watalii waliokosea njia ya Serengeti, na yakishazimika yote yalivutwa hadi kwa fundi Maduhu. Sasa magoti yamegoma kuingia uvunguni mwa gari. Nimeacha kazi, nafuga kuku na kuwachosha ninyi kwa maneno.

Mna kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinachowasomea ugonjwa kwenye simu. Kizuri, sikikatai. Ila nimewaona kikiwaambia sensa fulani ina shida, mnaagiza sensa Dar, inapanda basi, inafika, mnaifunga, na taa inawaka palepale. Ile sensa mliyoitupa ilikuwa nzima. Ilikuwa inawapa habari za kitu kingine kilichoharibika, ninyi mkamfunga shahidi na mwizi akaendelea kutembea. Kabla ya kununua chochote, fuateni waya wake kwa vidole mpaka mwisho. Mara nyingi mtakuta panya amekula, na panya wa huku wanapenda waya za magari ya bei mbaya kuliko mahindi.

Mimi nilifundishwa na Mzee Ngasa, fundi mfupi mkali aliyekuwa na gereji karibu na mnada wa ng'ombe. Mzee Ngasa hakuwa anafungua boneti kwanza. Alikuwa anamwambia mwenye gari aendeshe, yeye anakaa kiti cha nyuma, anafumba macho, anakunja mikono. Wateja wageni walidhani amelala. Wakirudi anasema, "Bushi ya nyuma kulia imekwisha, na wewe bwana unakanyaga breki kwa woga." Nilimuuliza kwa nini asikae mbele kama mafundi wengine. Akanijibu kwamba mbele gari linakuchangamsha na mandhari na saa za dashibodi, lakini nyuma unabaki na makalio yako tu, na hayo hayajui kudanganya. Nilicheka. Baadaye nikawa nafanya hivyohivyo kwa kila gari ninalogusa miguu yake, isipokuwa moja.

Nitalifikia hilo. Kwanza mjue kwamba mashangingi hayafanani, hata kama yote yana vioo vyeusi na yote yanapewa njia barabarani.

Kuna lile lenye chesisi. Bodi yake imekalishwa juu ya fremu ya chuma, mambo ya kilori, na springi zake ni chuma kwa chuma. Ukiingia nalo kwenye kona linainama, abiria wanashika vishikio, mwenye moyo mwepesi anamtaja Yesu. Hiyo ndiyo raha yake. Linakutisha mapema, ukiwa bado na nafasi ya kupunguza mwendo. Usukani wake ni mzito na una uvivu kidogo, na kwenye rafu rodi linakutikisa mpaka figo. Likitaka kuharibika linalalamika mwaka mzima. Bushi zinagonga, giaboksi inachelewa, harufu inatoka, na wewe unapanga siku ya kulipeleka kwa fundi.

Halafu kuna lile lisilo na chesisi, lililokaa juu ya mabegi ya hewa. Hayo mabegi ni mipira minene inayojazwa upepo na kompresa ndogo, badala ya springi. Jamani, lile gari linateleza. Kona unaikata umekaa wima, chai haimwagiki. Ukitazama saa ya mwendo unashtuka, maana mwendo umepanda na masikio hayakukuambia. Mkia ukitaka kutoka, yaani nyuma ya gari ikianza kuteleza pembeni, kompyuta inaubana kwa kukanyaga breki ya tairi moja, kisirisiri, na dereva anabaki akijiona hodari. Mimi nilikuwa nawaambia madereva kwamba humo ndani mko wawili. Siku yule wa pili akiondoka, unabaki peke yako na tani mbili na ushee zinazotaka kwenda zinakotaka. Na likiharibika haliagi. Asubuhi ni zima, mchana limekufa katikati ya mbuga kwa ajili ya kijiwaya cha unene wa uzi wa kushonea.

Kwenye matope yetu meusi ya mbugani ndiyo msiniulize. Lile la mabegi linakuja na tairi pana zenye ukuta mfupi, za kutembelea mjini. Udongo unajaza meno ya tairi mara moja, na kuanzia hapo unaendesha sahani nne. Nimeyavuta sana na ng'ombe wa plau. Kabla hamjafunga mnyororo, hakikisheni breki ya mkono imeachia, kwa sababu mengine yanaibana yenyewe dereva akifungua mlango. Ninayo bampa moja nyumbani ya kukumbuka siku niliyosahau.

Makosa ninayo mengi, na mengine ni ya kuchekesha. Msimu wa pamba, pale magari yanapopishana na matrekta yaliyojaa marobota, nyuzi za pamba zinaruka na kunasa mbele ya rejeta. Nilipokuwa kijana bado nilikuwa naziosha kwa maji ya mpira, kwa nguvu, kutoka mbele. Gari linang'aa, mteja anafurahi. Kumbe nasukuma nyuzi zikakae katikati ya rejeta ya maji na ile ya kiyoyozi, zinashikana na vumbi na kuwa kitambaa kizito. Shangingi moja nililoliosha hivyo lilikodiwa kubeba bi harusi. Likachemka kabla ya kufika kanisani, mvuke ukafunika kioo chote. Bi harusi alifika kwa bodaboda, shela ameing'ata kwa meno isipeperuke. Basi ninyi fungueni ile grili, pulizeni upepo kutoka upande wa injini kuja nje, pamba itoke ilikoingilia. Na muoneni huruma bi harusi.

Sasa nije kwa gari la Jilala, ambalo ndilo hasa limenikalisha niandike.

Jilala alikuwa mnunuzi wa pamba na mpunga, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Alinunua shangingi la mabegi ya hewa, limeshatumika lakini linapendeza, na akampa Mayunga aliendeshe. Mayunga alikuwa mwenyeji wa Ngulyati, mpole, baba wa watoto watatu. Alikuwa ameendesha malori ya pamba miaka mingi bila kugonga hata kuku wa mtu. Mji mzima ulimjua kwa hilo, na yeye mwenyewe hakuwa na mali nyingine ya kujivunia.

Baada ya muda gari likaanza tabia. Jioni Mayunga analiegesha limesimama vizuri, asubuhi wanalikuta limechuchumaa nyuma. Mlinzi alishikilia kwamba kuna watu wanalipanda usiku kwenda kwenye shughuli zao, akafunga dawa kwenye bampa. Jilala alimcheka mlinzi mbele ya watu, ila dawa hakuitoa. Mimi nilipitisha povu la sabuni kwenye mabegi ya nyuma na mapovu yakaanza kutoka. Mpira ulikuwa umepasuka kwa jua na vumbi, ukivuja taratibu mpaka upepo unakwisha.

Nilimwambia Jilala tuagize mabegi mapya. Akataka kujua yatachukua siku ngapi, nilipomwambia akakunja uso.

"Fundi, nina wageni wa maana wiki hii. Wataniona na gari linalopiga magoti? Nitolee huo mpira, weka chuma. Na uliinue! Linyanyuke!"

"Bosi, hili limeundwa kwa hewa."

"Wewe si ndiye Maduhu? Au nilipeleke Mwanza?"

Hapo alinishika pabaya. Nilikuwa na springi mbili nene za pikapu iliyokuwa ikibeba marobota ya pamba. Nikazikata, nikachomelea vikalio vya kuzishikilia, nikazifunga. Nyuma ya gari ikapanda vidole vinne. Watu walijazana gereji, Jilala akalizunguka gari lake mara mbili akipiga makofi. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, kompyuta ikisema haijui tena gari limekaa kimo gani, na kwa hiyo haiwezi kuushika mkia. Jilala akasema ile taa inamkera. Nikakata kipande cha utepe mweusi, kidogo kama kucha, nikakibandika juu yake vizuri kabisa.

Sikukaa kiti cha nyuma. Watu walikuwa wananisifu, na mtu anayesifiwa hapendi kufumba macho. Nilijua kwamba gari lililoinuliwa makalio na kunyimwa yule msaidizi wake litakuwa gari jingine. Nilijua, na nikapokea soda.

Zilipita wiki chache. Mayunga aliwapeleka wageni Lamadi, akawashusha, akaanza kurudi peke yake. Ilikuwa alasiri, mvua za kwanza zimenyunya kidogo. Kulikuwa na kipande cha lami kilichofungwa kwa matengenezo, magari yanapita kwenye mchepuko wa udongo. Kwenye kona ya huo mchepuko shangingi lilitoka njiani, likageuka, likaangukia shamba la mpunga. Mayunga alivunjika mfupa wa bega na kugonga kichwa. Alifungwa mkono kwa kitambaa cha shingoni, na alipoulizwa ilikuwaje, hakukumbuka chochote tangu aondoke Lamadi.

Jilala akamalizia mwenyewe. Alisinzia. Hakuna anayesahau namna ile kama hakusinzia. Mjini wakalipokea, kwenye vijiwe vya bodaboda likawa wimbo, na mwisho Mayunga naye akalikubali. Nilimkuta hospitali akimwambia jirani wa kitanda, "Nilisinzia, ndugu yangu. Namshukuru Mungu sikuua mtu." Aliniambia hatashika tena usukani wa gari la mtu. Mimi nilimpa pole na machungwa.

Gari lililetwa kwangu likivutwa na trekta. Nililifungua mlango nikaona ule utepe mweusi umetulia mahali pake. Niliangalia huku na huku, nikaubandua, nikautia mfukoni. Wanangu, nimewahi kuangukiwa na giaboksi, lakini sijaogopa kama nilivyoogopa kile kipande cha utepe.

Kesho yake nikaenda kwenye ile kona. Nilijidanganya kwamba naenda kutafuta kifuniko cha rimu. Udongo wetu mweusi ukipigwa na mvua kidogo kisha jua, unakauka na kushika kila alama kama umefinyangwa. Nikachutama. Alama za tairi za nyuma zilikuwa zimechota udongo kwenda pembeni, mkia umetoka. Za mbele zilikuwa zimekatwa upande wa pili, kisha zikarudishwa, kisha zikakatwa tena. Jifunzeni kusoma hilo. Mtu aliyesinzia anakwenda moja kwa moja mpaka akutane na kitu. Huyu alipambana na usukani mara tatu. Alifanya kila kitu ambacho dereva mzuri angefanya, kwenye gari ambalo mimi nilikuwa nimelifanya lisimsikie.

Jumamosi Jilala aliniita uani kwake nikasome orodha ya vilivyovunjika. Nilipofika nikamkuta Mayunga ameketi kwenye benchi, mkono kifuani, na pembeni yake baba yake mdogo, Mzee Luhende, ameshika kamba ya kondoo. Walikuwa wamekuja kuomba radhi kikwetu, kwa mtu mzima na mnyama.

"Mwangaluka, bhabha," nikamwamkia mzee kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

Jilala hakutaka salamu ndefu. "Fundi, waambie hawa. Breki zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima."

"Usukani?"

"Mzima."

"Tairi?"

"Nzima, bosi."

"Mmesikia wenyewe," akasema Jilala. "Gari halikuwa na tatizo."

Na mimi sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Ningeweza kunyamaza nikaenda zangu. Mzee Luhende akasimama, akavua kofia, akaanza kusema kwamba mtoto akikosea wanakosea ukoo mzima, kwamba Mayunga hana desturi ya uzembe, kwamba wanajua ameliharibu gari la watu na ameharibu jina lao. Mzee yule alikuwa na miaka inayomzidi baba yangu, na alikuwa anajikunja mbele ya Jilala kwa kosa langu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mzee wangu, naomba ukae," nikasema. "Hujamaliza, lakini kaa."

Wote wakanitazama.

"Bosi, hukuniuliza springi."

"Springi zimefanyaje?"

"Ni za pikapu ya pamba. Hazikuwa za gari hili. Zimeinua nyuma, zimelifanya gumu, na ile kompyuta inayozuia mkia ikazima. Taa ilikuwa inaonya, nikaiziba kwa utepe. Mayunga hakuwa na njia ya kujua. Nimeenda kwenye kona, alama bado zipo, twendeni mkazione. Alipigania gari lako mara tatu. Hakusinzia."

Jilala alisimama, kiti kikaanguka. "Nani alikwambia uweke springi za pikapu?"

"Wewe ulisema weka chuma. Lakini fundi ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa najua."

Alinitukana. Sitayaandika hapa, baadhi yenu mna wake wanaosoma. Alisema hakuna gari lake litakaloingia tena gereji yangu, na kweli misimu miwili aliyapeleka Mwanza, na wateja wengine wakamfuata. Mimi nilibaki na pikipiki na pampu za maji mpaka walipochoka na safari. Yote hayo niliyaona yakija nikiwa nimesimama palepale uani, na bado nilijisikia mwepesi.

Mayunga alikuwa ananitazama tu. "Fundi," akasema polepole, "kwa hiyo sikusinzia?"

"Hukusinzia."

"Nimesimama kanisani nikaungama kwamba nilisinzia."

"Hukusinzia, Mayunga."

Akafunika uso kwa ule mkono mzima. Mzee Luhende akavaa kofia yake, akaipiga kidogo ikae sawa, akaokota kamba. "Basi huyu kondoo hana kazi hapa," akasema. Jilala alipomaliza hasira alimwita Mayunga arudi kazini apone huko huko. Mayunga alimshukuru kwa heshima, akamwambia akipona atarudi kwenye malori.

Tukiwa getini akanishika bega. "Maneno yale ukamwambie mke wangu. Mimi nikimwambia atadhani najitetea."

Nikawapakia kwenye pikapu yangu, mzee mbele, Mayunga katikati, kondoo nyuma akilalamika njia nzima. Mkewe, Nkwimba, tulimkuta uwanjani Ngulyati akianua mpunga. Alituwekea vigoda, nikaeleza yote tangu mwanzo: mabegi, springi, utepe, na namna nilivyoubandua na kuutia mfukoni. Sikuacha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawaita watoto, wakaja watatu wakasimama kando ya baba yao. Nikadhani anataka nirudie ili wao nao wasikie.

"Shemeji," akasema Nkwimba, "si alikuja kwako akakwambia hili gari linarusha mkia?"

Ndiyo, wanangu, alikuja. Hata ninyi nimewapitisha hapo kimyakimya. Ilikuwa wiki moja baada ya kufunga zile springi. Alisimama mlangoni pa gereji, akaongea taratibu ili asinivunjie heshima mbele ya vijana wangu, akaniomba nikae naye kidogo nilisikilize gari mwenyewe. Ni saa moja tu ilikuwa inatakiwa. Mimi nilimjibu kwa sauti ya juu ili vijana wacheke, nao wakacheka, na Mayunga naye akacheka kidogo, akaondoka.

"Alikuja," nikasema.

"Ukamwambiaje?"

Watoto walikuwa wananitazama. Nikawaambia neno kwa neno, na kwa sauti ileile.

"Umezoea malori wewe. Kama gari la wakubwa limekushinda, rudi ukaendeshe mikokoteni."